Paja la Mwenye Pori

Mkiisikia ile harufu, wadogo zangu, simameni. Itawafikia kabla ya sauti na kabla ya kivuli: kali, nzito, kama jasho la wanaume waliobeba mbao kutwa nzima, imechanganyika na majani yaliyopondwa. Moyo utaruka. Uacheni uruke. Mimi nimefuata gorila katika milima ya Walikale, mashariki mwa Kongo, mpaka goti langu la kushoto likakataa kupanda, na hata siku ya mwisho moyo wangu uliruka kama siku ya kwanza. Siku usiporuka, rudisheni buti mkalime maharagwe, maana kazi hii haimtaki mtu aliyeshiba.

Nasikia siku hizi mnapewa simu zinazochora njia. Ni vizuri. Sisi tulifunga nyasi mafundo na kukwangua gome la mti, kisha mvua ikinyesha tunagombana ni nani aliyekwangua wapi. Lakini simu haina pua. Kijana mmoja wa kikosi chetu, Dieudonné, alipewa ya kwanza mwishoni mwa kazi yangu, akatembea macho yake yakiwa kwenye kioo mpaka akasimama katikati ya msafara wa siafu. Simu ilimwambia yuko mahali sahihi kabisa. Na kweli alikuwa mahali sahihi, ila siafu nao walikuwa mahali sahihi. Alivua suruali akiwa anakimbia, jambo ambalo sijamwona binadamu mwingine akilifanya.

Basi tazameni chini. Gorila akila tungulu, lile tunda jekundu la msituni, huchana na bua lake pia, kama mtu anayemenya muwa. Mkikuta maganda bado meupe na yanatoa maji, punguzeni mwendo, wako hapo mbele. Yakiwa na rangi ya chai, mmechelewa, ongezeni mwendo. Mavi msiyaonee haya. Wekeni mgongo wa mkono karibu nayo, joto litawaambia mengi kuliko mimi. Na vitanda msivichanganye. Sokwe hulala juu ya mti, amekunja matawi kama mtu anayeogopa majirani. Gorila mzito hupenda kulala chini, na kitanda chake asubuhi ni kichafu kiasi kwamba hakuna atakayekuuliza kama ni chake.

Hayo yote tuliyajua tangu zamani. Sisi wa Walikale tulizaliwa nayo, kwa sababu baba zetu walikuwa wawindaji. Mzee wangu alinifundisha kuutua mguu kwa ukingo wa nje kwanza, kisha unyayo wote, ili hata jani bichi lisilalamike. Alinifundisha kupumua kwa mdomo wazi. Tulipoajiriwa kufuata gorila badala ya kuwawinda, tulijiona tumefika. Nani angetushinda kuwakaribia wanyama?

Kazi yenyewe ilikuwa moja: kuizoesha familia moja ya gorila kwa watu, ili siku moja wageni waweze kupanda, wakae, watazame, washuke. Dume la familia hiyo, lenye mgongo wa fedha, tulimwita Prefe. Nyinyi mliosoma sekondari mnaelewa. Prefe, yaani mkuu wa shule, akitokea mwisho wa barabara, hakuna anayemwambia mtu kunyamaza, lakini kila mmoja ananyamaza. Huyu wetu alikuwa hivyo hivyo. Hata tumbili wa juu walishusha sauti alipopita.

Na msimu mzima hatukumwona. Tuliona majani yakitikisika na vichaka vikifunguka na kujifunga. Tulisikia mlio mmoja kama gunia la mawe linalomwagwa, kisha kimya. Kila tulipowakaribia kwa ule ustadi wa baba zetu, walikimbia. Tukazidisha ustadi. Wakazidisha mbio.

Ndipo akaja Bauma.

Bauma alitoka Burungu, kule Masisi, katika familia ya wakulima wa mlimani, na utoto wake wote alichunga ng'ombe wa watu kwenye malisho ya Kirolirwe. Msitu mkubwa hakuwa ameuzoea. Siku ya kwanza alitembea nyuma yangu akivunja vijiti, akikohoa, akiguna kooni, akipigapiga majani kwa ubapa wa panga. Nilifikiri tumeletewa ngoma.

"Weye Bauma," nikamwambia, "uko napeleka ngombe ku soko ya Sake?"

Wenzangu wakacheka. Naye akacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka.

"Kubuya, kaka yangu," akasema, "weye unatembea muzuri sana. Sawa chui."

"Aksanti."

"Hapana sema aksanti. Nani anapenda chui ifike kwake kimya-kimya?"

Hapo sikumwelewa. Nilimwelewa asubuhi ileile. Nilikuwa nimekwenda mbele kumwonyesha jinsi wanaume wanavyofanya. Nikaweka mguu kwa ukingo wa nje, mdomo wazi, jani halikulia, na nilipofunua kichaka cha mwisho, mbele yangu alikuwa amekaa jike na mtoto kifuani. Karibu mno. Niliona kope zake. Alipiga ukelele, na msitu wote upande wa kulia ukaanza kunijia.

Prefe hakuja kama mnyama anayekimbia. Alikuja kama ukuta unaoanguka. Niligeuka nikimbie, na hapo mkono wa Bauma, aliyekuwa amenifuata, ukanishika mshipi kwa nyuma na kunivuta mpaka makalio yakagonga matope.

"Ikala chini! Hapana kimbia! Angalia chini! Kula majani!"

"Nini?"

"Kula majani, Kubuya!"

Nikala majani. Nikayatafuna kwa bidii kama mbuzi aliyefungwa siku nzima, na yalikuwa machungu, na yaliwasha. Pembeni yangu Bauma alikuwa akiguna kwa upole, mm-mmm, mm-mmm, ile sauti ya mtu anayefikia zizi la ng'ombe alfajiri. Prefe alisimama hatua chache tu kutoka kwetu. Nilisikia pumzi yake ikitoka puani. Akang'oa mche, akautupa, akageuka, akaenda.

Bauma alinieleza huku ninatema mate. "Ngombe ukimufikia kwa nyuma bila sauti, anakupiga teke. Juu ya nini? Anajua mwenye kuficha sauti iko na mupango mubaya. Prefe naye, maisha yake yote, bantu bale bamefika kimya njo bale balikuwa na mukuki. Weye unafika kimya, unamwambia, 'Miye ni mwindaji.' Sasa unashangaa juu ya nini anakimbia? Mwenye kukula majani hana mukuki."

Wadogo zangu, tulikuwa tumeutumia msimu mzima kuwatangazia wale gorila kwamba tumekuja kuwaua. Na tuliutangaza vizuri sana, kwa ustadi wa vizazi.

Kuanzia hapo tulijifunza kuwa na kelele, na msidhani ni rahisi. Miguu yangu ilikataa. Nilipovunja kijiti kwa makusudi niliona aibu, kama mtu aliyejamba kanisani. Lakini tulikohoa kutoka mbali, tukaguna, tukakaa mahali wanapoweza kutuona, tukageuza bega badala ya uso, tukajifanya tunakula. Kila siku. Kukiwa na milio ya bunduki za vita ng'ambo ya mto tulibaki kambini, na tuliporudi tulianza upya kama wachumba waliogombana. Mpaka asubuhi moja ya jua baada ya mvua, Prefe alitoka kichakani, akatutazama mmoja mmoja kama anaita majina, kisha akakaa. Akavunja tungulu. Akala.

Dieudonné alikuwa analia na anacheka, na barakoa yake, tunayovaa tusiwaambukize, imelowa yote. Mimi nilitaka kuukumbatia mti. Nimeona watoto wangu wakizaliwa, nimemwona mama yangu akipona homa ambayo daktari alikuwa ameshaikatia tamaa, na asubuhi ile naiweka karibu na hayo.

Habari ikafika Goma upesi. Mkubwa wetu akatuma neno: wageni wa kwanza wanakuja, tayarisheni njia. Tulikata ngazi kwenye matope, tukaweka magogo juu ya vijito, tukafua sare. Na tulipokuwa tunaanika sare hizo, Mama Georgette akatokea kambini akiwa na fimbo yake na kitenge cha maua ya manjano.

Lazima niwaeleze Mama Georgette ni nani, hasa nyinyi mliotoka mjini. Kwetu Walikale, msitu una wenyewe. Kila mlima una ukoo wake, na mlima wa Prefe ulikuwa wa ukoo wa Mama Georgette, naye tangu kaka zake wafariki ndiye aliyekuwa msemaji wao. Anayetaka kutega anaomba kwake. Na akipata mnyama, kabla hajala yeye, kabla mke wake hajabandika sufuria, paja linapelekwa kwa mwenye pori. Si malipo. Ni kama kubisha hodi. Nimemwona baba yangu akitembea kutwa nzima, njaa imemkausha, akapeleka paja kwanza. Na kazi yetu ya gorila ilipoanza, Mama Georgette ndiye aliyekubali kuufunga mlima, watu wasitege.

Mama Georgette alikataa kiti. Alisimama katikati ya sare zetu zilizoanikwa.

"Nasikia mumekamata," akasema.

"Tumekamata nini, Mama?" nikauliza.

"Ile munatafuta kila siku mu pori yangu. Nasikia Prefe yenu anaikala sasa, munamwangalia vile munapenda. Nasikia na wageni biko njiani."

"Ni kweli, Mama! Ni furaha kubwa."

"Muzuri. Paja yangu iko wapi?"

Tukatazamana. Mmoja wetu akacheka kidogo, akidhani ni utani. Mama Georgette akamtazama mpaka kicheko kikamrudi tumboni.

"Mama," nikasema, "sisi hatuwindi. Hatutoi kitu mu pori. Tunaangalia tu."

"Na ile wageni batakuya kufanya ni nini?"

"Kuangalia."

"Basi kuko kitu munatoa. Muntu hatoki Goma na ile njia yote juu ya bure. Hii pori yangu tangu ifungwe sijaonja hata kidole. Nikasema sawa, bana yangu biko na kazi, tungoje. Leo munakamata ya kwanza, munataka wageni bakule mbele ya mwenye pori?"

Nilijaribu kutengeneza mambo, nikayaharibu zaidi. "Mama, tutakuletea paja ya mbuzi. Mbuzi munono."

"Mbuzi?" Akageuka kwa wenzangu. "Huyu mutoto ya mwindaji! Prefe anazaa mbuzi siku hizi?"

Hapo wote wakacheka, na mimi peke yangu nikabaki na sura ya mbuzi. Lakini alipomaliza kucheka, alisema neno ambalo liliondoa kicheko chote kambini. Alisema wageni wakipanda kabla yake, yeye ataufungua mlima. Wenye kamba wataruhusiwa kutega tena. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Mnajua kamba ya kutegea inafanya nini. Haiulizi imetegewa nani. Mtoto wa gorila anaweka mkono kuchuma tungulu, na mkono unabaki. Familia ya Prefe ingetokomea mbali, na kazi yetu ingekwisha kabla mgeni mmoja hajafunga kamba za viatu. Na neno lake lilikuwa haki. Sisi sote, wana wa wawindaji, hatungethubutu kulamba mchuzi kabla ya paja kufika kwa mwenyewe. Lakini kwa kuwa tulishuka mlimani mikono mitupu, tulijiona hatujabeba kitu.

Bauma ndiye aliyejibu. Alikuwa mgeni, na mila yetu aliisikia kwa mara ya kwanza hapo hapo. "Mama, ile tunatoa haibebeki. Ingebebeka ningekuletea mu kikapo. Inabidi upande mwenyewe."

"Na nyonga yangu?"

"Tutatembea sawa nyonga yako."

Akafikiri. "Kesho," akasema, na akashuka.

Kesho yake tulipanda kwa mwendo wa nyonga ya Mama Georgette. Nyonga ilikuwa na maoni mengi. Kila kijito ilisimama, kila mteremko ilitukana. Mwenyewe hakunyamaza hata kidogo. Alituonyesha mti aliozaliwa chini yake mjomba wake, alimlaumu Dieudonné kwa kuwa bado hajaoa, na barakoa tulipompa aliishika kama panya aliyekufa.

"Nitapumua na nini?"

"Mama, mafua yetu inaua gorila," nikamweleza. "Iko kidogo kwetu, kwabo ni kifo."

"Kumbe biko laini hivi!" Akaivaa mara moja, akaifunga vizuri kuliko sisi, na kuanzia hapo akawa anamkaripia kila aliyeishusha.

Tulikuwa tunakaribia maganda meupe, na yeye bado anasema. Nikamnong'oneza Bauma, "Mwambie anyamaze, watakimbia."

"Anyamaze juu ya nini? Iko na sauti ya muntu aliye nyumbani. Mwache."

Halafu harufu ikaja. Mama Georgette akasimama katikati ya neno. Pale pale, chini yetu kidogo, jike mmoja alibweka, matawi yakavunjika, na nikaona migongo myeusi ikiteleza bondeni, mmoja, mwingine, mwingine. Wanaondoka. Nikahisi mlima mzima ukiteleza nao. Niliziona kamba zikirudi kwenye njia zile.

Prefe alibaki. Alitoka kichakani akasimama kwa miguu minne, mgongo wake unang'aa kwa umande, akatutazama. Sisi wote tulichuchumaa kama tulivyozoea. Mama Georgette hakuchuchumaa. Nyonga yake ilikataa. Alibaki wima na fimbo na maua yake ya manjano, mrefu kuliko sisi sote, na sheria yetu ya kwanza ni kwamba hakuna mtu anayesimama mrefu mbele ya dume.

Prefe akajiinua. Akapiga kifua. Kama hamjaisikia sauti ile kwa karibu, sijui niwaambieje. Inaingilia mbavuni. Nilikuwa nimeshainua mkono kumvuta mama wa watu chini, na Bauma akanizuia.

Mama Georgette alisafisha koo. Si lile guno tulilojifunza sisi. Lilikuwa lake mwenyewe, la mwanamke anayeingia kwenye uwanja wa jirani. Kisha polepole sana, akiegemea fimbo, akamgeuzia Prefe bega, akatafuta gogo kwa mkono, akajiteremsha juu yake huku akilalamika chini chini, "Ee Mungu wangu, hii mifupa, ee Mungu wangu." Akakaa. Akachuma jani, akaliweka mapajani.

Kutoka kifuani mwa Prefe ikatoka ngurumo ndogo, nzito, ndefu. Alikuwa anajibu. Akakaa pia. Wakawa wamekaa wawili, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, kama wazee waliokutana barazani na hawana haraka ya kuanza mazungumzo.

Wengine wakarudi! Bonde lilifunguka na wakapanda, mmoja mmoja. Watoto wawili walikuja wakibiringishana. Jike mwenye mtoto alikaa mahali penye jua, akaanza kumchambua kichwa. Jua liliingia kati ya matawi likawapaka manyoya rangi ya kahawa iliyokaangwa. Dieudonné alinibana mkono mpaka ukafa ganzi, na nilimwacha anibane.

"Angalia vile anamushika kichwa," Mama Georgette akanong'ona ndani ya barakoa, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko. "Anatafuta chawa! Mama anatafuta chawa!"

Mtoto mmoja alipoanza kutusogelea, tulimsaidia Mama kuinuka tukarudi nyuma, maana umbali ni umbali, hata kwa mwenye pori. Njia yote ya kushuka hakusema neno. Nilimuuliza mara moja kama tumempa sehemu yake. Alinionyesha kwa fimbo nitazame ninapokanyaga. Nilishuka nikiwa sijui kama mlima umefungwa au umefunguliwa.

Jua lilipoanza kupoa alikaa mbele ya jiko lake, na watu wakaja, kama walivyokuwa wakija zamani paja likifika, kwa sababu mwenye pori hali peke yake. Sisi tulisimama nyuma. Na Mama Georgette akaanza kugawa.

Kwa jirani yake, mzee asiyetembea tena, aligawa mikono. Alimwonyesha kidole kwa kidole jinsi Prefe alivyochana tungulu, hata mzee akawa anafuata kwa vidole vyake. Watoto aliwapa kifua, wakakipiga mpaka kuku wakakimbia. Wanawake wanaonyonyesha aliwapa yule jike na chawa wake. Mwanamke mmoja, Mama Vumilia, alilalamika kwamba anapewa vipande vidogo kila siku.

"Na miye unanipa nini? Mukia?"

"Haina mukia."

"Ona sasa! Hata mukia munaninyima!"

Uwanja mzima ukalia kwa kicheko. Kisha Mama Georgette akamtafuta kwa macho mwindaji mmoja, mtu mzima, ambaye sote tulijua kamba zake zilikuwa tayari.

"Weye nakupa macho," akamwambia. "Aliniangalia. Nyama zote uliniletea hapa, miaka yote, hakuna hata moja iliniangalia."

Yule mtu akauliza, "Sehemu yangu ni ile tu?"

"Ni ile tu. Ingine, panda ukamate mwenyewe. Lakini uache kamba ku nyumba. Pori imefungwa."

Nilipiga kelele, sikuweza kujizuia. Bauma alinirukia mgongoni. Tulikuwa bado tunarukaruka kama watoto, mkubwa wetu wa Goma akapiga simu kuuliza kama njia iko tayari, wageni wako barabarani. Nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja. Mama Georgette akanyoosha mkono, akataka simu. Nyuma yake watu walikuwa wanagombana ni nani atapanda kesho, na Mama Vumilia alikuwa tayari amevaa buti za mume wake.

"Papa," Mama Georgette akasema ndani ya simu, "wageni bangoje. Kijiji haiyakula bado."